Wasio na watoto ni wengi kiwandani: kazi ndiyo imewazuia?

Dada wa Masasi, unasema wenzako wasio na watoto kwenye kiwanda cha korosho ni wengi kuliko mtaani kwenu, ukauliza kama hiyo inatosha kuthibitisha kwamba kazi inaharibu uzazi. Haitoshi. Nami niliwahi kuipiga hesabu hiyo hiyo.

Nilikuwa mhoji kwenye utafiti mdogo wa wabanguaji hapa Mtwara. Siku za mwanzo nilihesabu waliopo, nikaingiwa na hofu. Mama mmoja wa meza ya kumenya akaniambia, "Mwanangu, waliozaa wameshaondoka. Kichanga wangemwachia nani?" Asiye na mtoto ndiye anayedumu kazini. Kwa hiyo hata kiwanda kisicho na madhara yoyote, ukihesabu waliopo leo, kitaonekana kinafunga watu vizazi.

Uliza muda. Tangu walipoacha kinga wakitafuta mtoto, mimba iliingia baada ya miezi mingapi? Donna Baird na watafiti wenzake wa Marekani waliieleza njia hii mwaka 1986. Kila mwezi unaangalia, kati ya wanaoendelea kutafuta, wangapi wameshika mimba, kisha unalinganisha wabanguaji na wanawake wa kazi nyingine wenye umri unaokaribiana. Aliyetafuta miezi 14 bila kupata usimfute, anaingia na miezi yake 14. Ukiwahoji wajawazito wa kliniki peke yao, umewaacha nje wale wale unaowahangaikia.

Tarehe hazikumbukwi, ila msimu unakumbukwa. Kina mama walituambia, "Tulianza wakati wa kupuliza mikorosho salfa, mimba ikaingia korosho zinaanguka." Tulichora kalenda ya shamba, miezi ikajipanga yenyewe. Andika kazi aliyokuwa akiifanya alipoanza kutafuta, siyo ya leo. Na mume aulizwe pia, maana mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa. Vumbi au dawa aliyoivuta puani Julai, athari yake inaweza kuonekana Septemba.

Wasiwasi wako usiutupe, tafadhali. Mwaka 1977 huko California, wanaume waliofanya kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizi, ndio walioanza kuambiana kwamba hawapati watoto. Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa.

Anza na daftari la mahudhurio la miaka ya nyuma, uwatafute na walioondoka, hata kama wamerudi kwao Newala au Nachingwea.