MacBook Air M1 au ThinkPad T480, zote mtumba

Dada, umeuliza ipi kati ya laptop hizi mbili itakuvusha miaka ya chuo bila hasara. Kama kazi zako ni kuandika, kusoma na hesabu za kawaida, chukua T480. Sababu yangu kubwa ni fundi. Ina nafasi mbili za ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi), diski inabadilishwa, na betri ya nyuma unaichomoa kwa mkono hata kompyuta ikiwa imewashwa, maana kuna betri nyingine ndani. Vipuri vyake havisumbui kupatikana.

MacBook Air M1 ya 2020 ni mashine nzuri mno, nasema kwa moyo wote: haina feni, inakaa na chaji kutwa, na kwa kasi inaiacha T480 mbali. Ila ram na diski vimechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8, ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho. Diski ikifa, bodi nzima imekwenda, pamoja na faili zako kama hukuzihifadhi kwingine.

Kama unahariri video, basi Mac.

Dukani, hakikisha prosesa ya T480 ni Intel ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 kwa kawaida haikubali ya 7, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025. Kwa Mac, mwenye nayo aondoe akaunti yake ya iCloud (ya Apple, inayoweza kuifunga mashine isitumiwe na mwingine) mbele ya macho yako, kabla hujatoa hela. Akisema atafanya baadaye, ondoka.