Kizibao cha rangi mbili kwa anayeanza

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliyefuma skafu tu anaweza kizibao cha maua. Anaweza, tena hakina mikono ya kukusumbua. Ila maua yaishie chini ya kwapa. Hadi hapo unafuma mduara kwa sindano yenye waya (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini), na upande wa mbele unauona muda wote. Juu yake unagawa mbele na mgongo, unafuma kwenda na kurudi. Kubadili rangi ukiwa upande wa nyuma kutakutoa jasho bure. Huko weka rangi moja.

Kinachowaangusha wengi ni uzi wa rangi usiyoifuma kwa wakati huo, unaopita nyuma. Ukiuvuta, kifua chote kinajikunja. Kila ukibadili rangi, tandaza kwanza vitanzi kwenye sindano ya kulia, ndipo ufume. Uzi ukiruka zaidi ya vitanzi 5, unase katikati kwa kuupitisha chini ya uzi unaofuma, la sivyo vidole vitakwama humo ukivaa. Rangi mbili kwa mstari zinatosha. Hata wafumaji wa kisiwa cha Fair Isle, Uskoti, ndivyo wafanyavyo.

Kwa joto letu la Dar chukua pamba, japo sufu huficha makosa vizuri zaidi. Ukienda Kariakoo nunua mabonge yote siku moja, maana rangi ya wiki ijayo huenda isifanane. Halafu fuma kipande cha majaribio, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi ujue kizibao chako kitahitaji vingapi.