Jirani kazungushia mahindi nepia, si anatuitia wadudu?

SWALI: Habari za kazi. Niko Bungoma, nina nusu eka ya mahindi na msimu uliopita funza wa shina walinimaliza kabisa. Sasa jirani amezungushia mahindi yake nepia, ile nyasi ya ng'ombe, ati inawaita wale nondo wanaozaa hao funza waje watage huko. Mimi naona anawaitia kijiji kizima! Nimwambie ang'oe?

JIBU: Mama, tafadhali usimwambie ang'oe, tena mwombe akugawie vipando. Yule nondo hutoka giza likiingia na anatafuta pa kutaga kwa kunusa. Nepia na mahindi vyote vinatoa ile harufu ya majani mabichi anayoifuata, lakini saa ya kwanza ya giza nepia inaiachilia karibu mara 100 kuliko mchana, mahindi yanaongeza kama mara 10 tu, kwa hivyo nondo akipita hapo usiku anavutwa na nepia na mayai anayaacha huko. Na hapa ndipo ninapoipendea hii nyasi, kwa sababu mayai yakianguliwa na funza mchanga akaanza kutoboa shina, nepia inatoa utomvu wa kunata unaomnasa, kati ya 10 wanane hivi wanakufa kabla hawajakomaa. Sasa watakuja kwako kutoka wapi?

Hii kitu si ya kubahatisha, watafiti wa wadudu wa icipe pale Mbita na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza waliifanyia kazi tangu miaka ya 90, wakaiita sukuma-vuta. Nepia ndiyo ya kuvuta. Ya kusukuma ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, na harufu zake zinafanana na zile mahindi yanatoa yakishashambuliwa, yaani nondo anasikia kama nyumba imejaa. (Nguvu ya hiyo harufu shambani wanasayansi bado wanabishania, ila mizizi yake inamaliza kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na hiyo peke yake kwa watu wa Magharibi mwa Kenya ni jambo kubwa sana.)

Ukianza, zungusha mistari mitatu ya nepia, sentimita 75 mstari kwa mstari na 50 shina kwa shina. Halafu watu wengi wanakosea kwa kukata: ng'ombe ana njaa, mtu anafyeka yote siku moja, usiku nondo hana pengine pa kwenda ila kwa mahindi. Anza na mstari wa ndani ulio karibu na mahindi, ukichipua tena ndio uingie unaofuata.