Kabla ya kufungua daftari Kolo: kwa anayeanza utafiti wa michoro ya miambani

Ukifika Kolo, wilayani Kondoa, ukiwa na kibali cha utafiti, kamera, tepu ya kupimia na fomu za kuorodhesha michoro, usidhani umekwisha kupata ruhusa. Kibali kinakutambulisha kwa serikali, lakini Mungumi wa Kolo, pango ambalo wenyeji wanaliendea hadi leo kuomba mvua na kutafuta uponyaji, lina wenyewe, na hao si lazima wawe viongozi wa kijiji watakaokugongea muhuri.

Hilo nililijua kwa kuaibika. Msimu wangu wa kwanza niliandika kwenye fomu, katika safu ya uharibifu, kwamba sehemu ya mwamba ina madoa ya pombe. Mzee aliyetuongoza akaniuliza ninaandika nini, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hiyo tulimwaga wakati wa kuomba mvua. Mshumaa ukitoa moshi kanisani, mnaandika kwamba waumini wameharibu ukuta?" Sikuwa nimekosea kabisa, maana pombe hudhuru rangi za michoro na wahifadhi wana haki ya kuhofia; kosa langu lilikuwa kuiweka ibada inayoendelea safu moja na majina ya watalii yaliyochorwa kwa mkaa, tena bila kumuuliza yeyote.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia, lakini sisi watafiti tumeendelea kuyasifia mapango haya kwa ukale wake kuliko kwa kazi yanayofanya sasa. Kwa hiyo, kabla ya kutunga maswali yako, kaa siku kadhaa bila daftari, usalimie, usikilize wenyeji wanataka kujua nini. Pengine umri wa michoro hautawashughulisha hata kidogo, ila watakuuliza nani ataajiriwa kuongoza wageni na kama njia ya kwenda kutambika itafungwa. Hayo nayo ni maswali ya utafiti, hata kama msimamizi wako atakunja uso.

Ukikatazwa kupiga picha mahali fulani, usipige, hata wakishaondoka. Matokeo nayo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa jaridani. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, bibi mmoja aliyeketi nyuma alinisimamisha kunisahihisha jina la pango ambalo nilikuwa nimelikosea katika kila ukurasa.