Cobra ya laki tatu na nusu haigharimu laki tatu na nusu: maswali yenu kuhusu meli za Elite Dangerous

Maswali yaliyoingia safari hii ni mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja: meli gani, na ndani yake niweke nini. Kwa ambaye hajaucheza, Elite Dangerous ni mchezo wa Frontier Developments, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Ulitoka Desemba 2014. Umejenga Njia Nyeupe nzima, yaani galaksi yetu, kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400 hivi, kisha ukakupa meli moja ndogo ya anga, Sidewinder, na krediti 1,000 ukatafute riziki. Hakuna hadithi ya kufuata. Meli yako ndiyo hadithi, na ndiyo maana ukikosea kuichagua unaumia kweli.

Mkuu, nimefikisha krediti 400,000 na bado nipo kwenye Sidewinder. Ninunue Cobra Mk III?

Usinunue leo. Najua inavyovutia. Ndiyo meli ya mchezaji katika Elite ya kwanza ya mwaka 1984, ambayo David Braben na Ian Bell waliitunga wakiwa bado wanafunzi, na hadi sasa sijaona meli ndogo inayofanya kazi nyingi kwa utulivu kama hii. Lakini piga hesabu kwanza. Cobra Mk III dukani ni krediti 349,718. Hiyo ni bei ya ganda lenye vifaa vya daraja E, yaani vya chini kabisa. Utabaki na 50,282. Ukilipuliwa, bima inakudai asilimia 5 ya thamani ya meli pamoja na vifaa vyake, sawa na krediti 17,500 hivi. Unaweza kulipa mara mbili. Mara ya tatu akiba haitoshi, na asiyeweza kulipa anarudishwa kwenye Sidewinder ya bure.

Nunua Adder, krediti 87,808. Haina sura, lakini inabeba mzigo wa maana kwa bei yake, inaruka mbali kuliko Sidewinder, na itakuachia zaidi ya laki tatu za kuboresha injini na kulipia makosa. Cobra iendee ukiwa na milioni moja na nusu. Hapo utainunua, utaivisha, na bado utalala usingizi.

Sielewi hizi 3A, 4D, 5E. Nikiwa na hela si niweke A kila mahali?

Namba ni ukubwa wa kifaa, kuanzia 1 hadi 8, na lazima kiingie katika nafasi yake. Herufi ni daraja. E ni rahisi na dhaifu. A ina nguvu kuliko zote na bei yake inakata pumzi. C iko katikati, B ni nzito na ngumu kuvunjika. Watu wengi wanairuka D, wakati ndiyo nyepesi kuliko zote.

Uzito ndio unaoamua meli itaruka umbali gani kutoka nyota hadi nyota. Chukua rada ya Anaconda, ambayo ni ya ukubwa wa 8. Ya daraja E ina tani 160. Ya daraja A nayo ina tani 160. Ya D ina tani 64. Yaani ukibadilisha kifaa kimoja tu umeshusha tani 96, na kwa kazi nyingi hutaona tofauti ya rada yenyewe. Mtambo wa hewa ni hivyo hivyo. Wa D unakupa dakika 7 na nusu za kupumua kioo kikivunjika, wa A unakupa 25. Kama hufanyi kazi mbali na vituo, D inatosha.

Kwa hiyo A yangu ya kwanza huenda kwenye injini ya kuruka, ile mnayoiona imeandikwa FSD. Ya pili huenda kwenye injini za kusukuma, zinazokufanya ugeuke na kukimbia. Ya tatu, kama unapigana, kwenye kigawa umeme. Rada na hewa viwe D. Jenereta nunua ya kutosha mahitaji yako, isizidi, kwa sababu jenereta kubwa isiyo na kazi ni uzito unaoulipia kila safari.

Kaka, mimi ni mfanyabiashara, sitaki vita. Type-6, Type-7 au nivumilie hadi Python?

Swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake halimo kwenye tani, limo kwenye gati.

Vituo vikubwa vina magati ya aina tatu: madogo, ya kati na makubwa. Vituo vidogo vya pembeni havina gati kubwa kabisa, na huko mara nyingi ndiko kuna bidhaa nzuri na kazi zisizogombewa. Type-7 ni ya milioni 17 na ushee na inabeba tani 300 hivi, lakini mwili wake ni mrefu kidogo kwenda juu, basi inadai gati kubwa. Nusu ya milango unajifungia mwenyewe. Python inabeba karibu kiasi hicho hicho na inatua gati la kati. Hiyo ndiyo siri ya bei yake ya krediti 56,978,179, na ndiyo sababu kwa miaka mingi wafanyabiashara waliiona kama meli ya kuoa. Tangu 2024 kuna Type-8 pia, nayo inatua gati la kati na inabeba kuliko Python. Ukifika kwenye mamilioni hayo, iangalie kabla hujalipa.

Leo anza na Type-6, milioni moja na elfu 45 hivi. Ikivishwa makreti inapita tani 100, na gati la kati linaitosha.

Jambo moja naomba unisikilize: usiondoe ngao. Nawaona wengi wanaitoa ili wapate kreti moja zaidi. Makreti yanapanda kwa kuzidishwa mara mbili, ukubwa wa 3 ni tani 8, wa 4 ni tani 16, wa 5 ni tani 32, hadi tani 256 kwa ukubwa wa 8. Ngao ndogo kabisa inayoweza kuibeba Type-6 inakaa kwenye nafasi ya 3. Unapoteza tani 8 katika zaidi ya 100. Bila ngao, kugusa tu ukingo wa mlango wa kituo kunachuna ganda, na haramia mmoja mwenye leza mbili anakumaliza kabla hujawasha injini ya kukimbia. Niliwahi kupoteza shehena nzima ya dhahabu mlangoni, kituo nakiona kwa macho, kwa ajili ya tani 8 hizo. Sikulipa bima tu. Shehena haina bima, mtaji wote ulikwenda.

Nimeishiwa mafuta katikati ya safari. Nifanye nini?

Kama meli imeshazima na saa ya hewa inahesabu, toka kwenye mchezo sasa hivi, rudi hadi menyu kuu. Saa inasimama. Kisha watafute Fuel Rats. Hao ni wachezaji wa kujitolea ambao tangu 2015 kazi yao ni kumpelekea mafuta yeyote aliyekwama, popote, bila malipo. Watakuuliza upo mfumo gani, watakupa maelekezo ya kurudi ndani, na mtu atakuja. Katika michezo yote niliyocheza sijaona kitu kinachonigusa kama kuona taa za meli ya mgeni zinatokea gizani kwa ajili yangu. Kama saa haijaanza kuhesabu, zima kila kitu isipokuwa mtambo wa hewa, kaa palepale.

Ukishaokolewa, nunua kichota mafuta. Kinachota moja kwa moja kutoka kwenye nyota ukiikaribia, lakini si kila nyota. Zinazochoteka ni za herufi O, B, A, F, G, K na M. Jua letu ni G. Vibete vya kahawia, L, T na Y, havitoi kitu. Kwenye ramani ya galaksi chuja hizo saba tu kabla ya kupanga njia. Na ukichota, macho yawe kwenye joto. Likipita asilimia 100 vifaa vinaanza kuungua.

Nina milioni 8. Nataka kwenda Colonia, yale makazi ya mbali. Wote wananiambia Asp Explorer.

Asp ni meli nzuri ya safari, sina ugomvi nayo. Kioo chake kinafika hadi miguuni, na nafasi yake ya ukubwa wa 6 inakubali kichota mafuta kikubwa sana. Tatizo ni hela yako. Ganda ni krediti 6,661,154. Injini ya kuruka ya 5A, ambayo bila hiyo safari ya Colonia ni adhabu, ni milioni 5.1 peke yake. Jumla inakaribia milioni 12. Ukiinunua kwa milioni 8 utakuwa umenunua dirisha zuri la kutazamia nyota usizoweza kufika.

Diamondback Explorer ni krediti 1,894,760 na inatumia injini ile ile ya 5A. Jumla milioni 7. Kwenye milioni moja inayobaki, toa 250,000 za kichunguzi cha sayari, kile kinachorusha vipima kwenye uso wake, halafu kichota mafuta cha daraja la C, vifaa vingine vyote vya D, na ngao ndogo. Bima itakaribia laki nne, usiiguse. Hesabu inaingia, kwa kubana. Kasoro yake ni kwamba kichota chake hakizidi ukubwa wa 4, kwa hiyo utasubiri zaidi kwenye kila nyota. Faida yake ni kwamba haishiki joto haraka, na huko mbali ubaridi huo ni amani.

Sasa umbali. Colonia iko kama miaka 22,000 ya nuru kutoka huku kwenye watu. Ukiruka miaka 30 kila mara, ni mara 730 na zaidi. Ukiruka 50, ni mara 440. Ndiyo maana nakuomba uchelewe kuondoka kwa siku chache. Nenda mfumo wa Deciat kwa mhandisi Felicity Farseer. Mpelekee kipande kimoja cha meta-aloi anachokidai, na ataongeza nguvu ya injini yako ya kuruka hadi daraja la 5 kadiri unavyomletea malighafi. Ingia Deciat ukiwa umechagua kucheza peke yako. Kuna wachezaji wanaokaa hapo kuwawinda wageni, na kila mgeni hupita hapo. Ukipata na kiongezaji cha Guardian, kifaa cha teknolojia ya viumbe wa kale wa mchezo huu, cha ukubwa wa 4, kinakupa miaka 9.25 mingine ya nuru kila mruko.

Na kumbuka: data ya nyota ulizogundua ni yako pale tu utakapoiuza. Ukilipuka kabla ya hapo, imepotea yote, hata kama ni ya miezi. Kwa hiyo ngao iwepo, na kabla ya kutua kwenye sayari tazama kwanza uvutano wake.

Dada yako hapa, nimenunua Vulture. Nikitoa silaha, nusu ya meli inazima!

Hongera, dada. Kwa krediti milioni 4.9 hakuna meli nyingine inayogeuka hivyo ikiwa na nafasi mbili za silaha kubwa. Kinachokusumbua ni ugonjwa wake wa kuzaliwa: jenereta yake haizidi ukubwa wa 4, na hata ya 4A inatoa megawati 15.6 tu. Leza kubwa mbili za mwale usiokatika, ngao nzuri na viongeza ngao vinne haviwezi kula pamoja hapo.

Dawa ipo kwenye ukurasa wa vifaa, upande wa kulia. Kila kifaa kina namba ya kipaumbele, 1 hadi 5. Umeme ukipungua, za 5 zinazimwa kwanza. Wewe umeacha vyote kwenye 1, ndiyo maana meli inachagua yenyewe. Mlango wa shehena, unaokula megawati 0.6 bure, uuzime kabisa. Injini ya kuruka iweke 5. Utaogopa, utasema nitakimbiaje? Lakini huwezi kuruka silaha zikiwa nje hata kama injini ingekuwa inawaka. Ukizirudisha ndani, umeme unarudi na injini inaamka baada ya sekunde kadhaa. Ngao, injini za kusukuma, kigawa umeme na mtambo wa hewa vibaki 1.

Kisha badilisha leza moja uweke bunduki ya risasi, Multi-Cannon. Leza inakula ngao ya adui, risasi inakula ganda, na Multi-Cannon inadai umeme kidogo mno. Leza iliyobaki iwe ya mapigo. Chukua zenye kujilenga kidogo zenyewe, lakini adui akimwaga vumbi la kuvuruga rada zitapotea njia. Subiri lipite, usimwage risasi hewani.

Nimenunua meli nisiyoipenda. Hasara ni kiasi gani?

Ganda linarudi kwa asilimia 90. Vifaa vinarudi kwa bei uliyonunulia. Vivue vyote kwanza uone kama vingine vinakufaa kwenye meli ijayo.

Nacheza kwenye PS4, mbona sioni meli mpya mnazozitaja?

Hutaziona. Machi 2022 Frontier ilitangaza kusitisha maendeleo yote ya mchezo kwenye PlayStation na Xbox, na nyongeza yake ya Odyssey haikufika huko. Python, Asp na Vulture unazo, na majibu ya hapo juu yanakuhusu. Type-8 ni ya kompyuta tu.

Nina milioni 300, duka limekataa kuniuzia Federal Corvette.

Kwa sababu hela peke yake haitoshi kuinunua. Corvette inadai cheo cha Rear Admiral katika jeshi la Shirikisho, moja ya serikali kubwa za mchezo, kama ambavyo Imperial Cutter inadai cheo cha Duke upande wa Dola, serikali nyingine kubwa. Cheo kinatokana na kazi unazowafanyia wenyewe, moja baada ya nyingine, na zitakuchukua muda. Milioni 300 hizo usiziache zilale wakati unasubiri: nunua Python ya kufanyia kazi hizo, kwa sababu wanaozitoa wengi wapo kwenye vituo vidogo visivyo na gati kubwa.