Usiniulize mkopo unatoka lini

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa ajira mpya, yuko Geita, aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimeona ulivyojenga kupitia SACCOS. Nikijiunga leo, mkopo unatoka baada ya muda gani?" SACCOS ni chama cha ushirika ambacho wanachama huweka akiba na kukopeshana. Hakuuliza kingine. Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali lake liliniuma mahali ambapo nilidhani pameshapona.

Nianze na jambo lenyewe la furaha. Nyumba yangu ya vyumba vitatu hapa Hai imeisha, na rejesho la mwisho lilikatwa mwezi wa tano. Kadi yangu ya benki iko mkobani mwangu. Walimu wenzangu wanajua uzito wa sentensi hiyo. Wako wengi, wenye vyeti na miaka kumi kazini, ambao kadi zao na namba za siri ziko kwa mkopeshaji wa kausha damu, yule wa mitaani mwenye riba ya kunyonya. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayetangulia mashineni, halafu anamgawia mwenye mshahara kilichobaki. Mimi nilifika mlangoni kwa mtu wa namna hiyo mwaka 2008, mama akiwa hospitalini. Aliyenirudisha nyuma ni babu.

Babu alikuwa mkulima wa kahawa, mwanachama wa chama cha msingi cha kijijini chini ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Huku kwetu historia ya ushirika tumeirithi pamoja na kihamba, shamba la ukoo. Wakulima wa Kilimanjaro, wakiongozwa na Joseph Merinyo, walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925. Sheria ya ushirika ikaja 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikaandikishwa. Babu alizaliwa chama kikiwa tayari kipo, na alikuwa akikitaja kama mtu anavyomtaja kaka yake mkubwa. Kisha mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote, kazi ya kununua mazao ikahamia kwa mamlaka za serikali. Sheria ya 1982 ilivirudisha, lakini babu alikuwa akisema kilichorudi ni jengo na bango, watu walikuwa wameshazoea kuona chama ni cha wakubwa wa mjini. Aliniambia: "Nenda kwenye chama, lakini nenda kama mwenye mali." Nililisikia neno "chama". Hayo mengine niliyaacha palepale kwenye benchi lake.

Nikajiunga mwaka 2009 na SACCOS ya walimu na wakulima wa tarafa yetu. Kiingilio, hisa, akiba ya kila mwezi. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa matibabu, wa pili ni wa ng'ombe wa maziwa. Miaka mitatu hiyo haina cha kusimulia: nilikatwa, nilikopa, nikalipa. Mkutano mkuu sikuwahi kuhudhuria hata mmoja. Nilikuwa naona ni posho ya soda na maneno marefu.

Mwaka 2012 mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tukichangia meza moja ya ofisi, alikuja na fomu ya mkopo wa shilingi 4,500,000. Akiba yake ilikuwa 1,500,000, na chama chetu kinakopesha hadi mara tatu ya akiba. Alihitaji wadhamini watatu. Nilisaini nimesimama, chaki mkononi, kengele ya kipindi imeshagonga. Sikusoma hata mstari mmoja. Ningesoma, ningeona kwamba nimeweka akiba yangu rehani na nimeruhusu mshahara wangu ukatwe asipolipa.

Baada ya mwaka mmoja na kidogo aliacha kazi, akaenda kusikojulikana na simu ikazimwa. Deni lililobaki lilikuwa 2,700,000. Chama kikachukua akiba yake yote, ikabaki 1,200,000, ikagawanywa kwetu watatu. Laki nne kila mmoja, elfu arobaini kwa mwezi, miezi kumi. Kwa mshahara wa mwalimu wa msingi wa wakati ule, elfu arobaini ni mchele, mafuta ya taa na nauli ya mtoto. Mwezi wa kwanza nilipoiona salari slipu nililia chooni shuleni ili wanafunzi wasinione. Nilikwenda ofisini kwa chama kugomba. Meneja, mzee mpole, alinifungulia faili, akaniwekea kidole juu ya saini yangu na kuniuliza, "Mwalimu, hii ni ya nani?"

Yule mwenzangu hajarudisha hata shilingi. Mwaka juzi nilikutana naye msibani Machame, akanisalimu kana kwamba tuliachana jana. Niliitikia. Bado inaniuma, sitaki kudanganya.

Nilitaka kujitoa, ikashindikana kwa sababu akiba yangu ilikuwa imefungwa na udhamini. Basi nikabaki kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikahudhuria mkutano mkuu wangu wa kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Taarifa ya hesabu ilisomwa kwa dakika ishirini, watu wakisinzia. Mimi nilikuwa nikitafuta laki nne zangu mle ndani, nikakuta orodha ndefu ya mikopo iliyochelewa. Nilinyoosha mkono. Nikanyoosha tena. Mwaka uliofuata wakanichagua kuingia kamati ya usimamizi, nadhani ili ninyamaze, na leo mimi ndiye mwenyekiti wake. Ninalisema hili kwa fahari: mikopo iliyolala bila kulipwa siku hizi inasomwa mkutanoni kwa hesabu kamili, na mjumbe wa bodi akichelewesha rejesho anasomwa kama mwanachama mwingine yeyote.

Chama kilinipeleka kwenye semina Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na huko nikasikia habari za Raiffeisen. Alikuwa meya wa vijijini Ujerumani. Wakati wa njaa ya 1846 na 1847 aliwaunganisha wenye uwezo, wakatoa unga na mikate kwa maskini ili walipe baadaye. Baada ya miaka ya kutegemea hisani za matajiri aliona haidumu, na mwaka 1864 huko Heddesdorf akasimamisha chama ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama na wanabeba madeni kwa pamoja. Niliposikia hivyo nilikumbuka ile fomu niliyoisaini na chaki mkononi. Miaka yote nilikuwa nikiuchukulia udhamini kama karatasi ya ziada, ilhali chama kizima kimesimama juu yake. Mkulima asiye na hati ya ardhi anakopesheka kwa sababu jirani anayemjua amekubali kusimama badala yake.

Ndiyo maana swali la "lini" linanichoma. Wakati wa "mabilioni ya JK", fedha za mikopo za serikali ya Rais Jakaya Kikwete, kwenye 2007, vikundi na SACCOS viliota kila mahali kama uyoga wa masika. Watu walijiandikisha ili wapate fungu. Vingi ninavyovijua mimi vilikufa mara tu fungu lilipoisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameweka chake mle ndani. Fedha ya serikali haimkoseshi mtu usingizi. Fedha ya jirani humkosesha.

Sasa mdogo wangu, nikujibu. Kwetu mwanachama mpya anaweka akiba miezi mitatu ndipo aombe. Kuna mkopo wa maendeleo, huo wa mara tatu ya akiba. Kuna wa elimu, ambao Januari hutuletea foleni hadi nje ya geti. Kuna wa dharura, mdogo, unatoka ndani ya siku mbili, na wa pembejeo kwa wenye kahawa na mahindi. Mwisho wa mwaka, chama kikipata ziada, kuna gawio la hisa. Gawio langu la mwaka huu limenunua mapazia ya sebule.

Kabla hujajaza fomu, uliza riba inavyopigwa. Chukua mkopo wa milioni tatu wa miezi 24 kwa asilimia 12 kwa mwaka. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, utalipa 720,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua kila mwezi, utalipa 375,000. Asilimia ni ileile kwenye tangazo. Nimewaona walimu wa hisabati wakisaini ya kwanza.

Omba pia kuiona leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS inatakiwa iwe na leseni kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, daraja A au daraja B. Iwe imetundikwa ukutani, na isiwe imekwisha muda. Kama hawataki kukuonyesha, rudi nyumbani na hela yako. Uliza nani alikagua hesabu mara ya mwisho na mwaka gani. Na uende mkutanoni. Nitalirudia hili mpaka mnichoke: nendeni mikutanoni! Mnalalamika kwamba viongozi wanakula, lakini siku ya kuwauliza mko sokoni au kitandani. Mwenye shamba asipolitembelea, nyani ndio watakaolijua vizuri zaidi.

Na udhamini usiukimbie. Najua mlitarajia niseme msimdhamini mtu. Tukikataa sote, chama kitakuwa benki, na benki ndiyo iliyotukataa tangu mwanzo.

Alhamisi iliyopita kijana wa darasa la nne B, namaanisha mwalimu wao, alinifuata na fomu ya mkopo wa pikipiki. Nilimwambia anisubiri hadi jioni. Nikaomba salari slipu yake, nikapiga hesabu ya makato yake yote, tukapanda bodaboda mpaka kwao nikaonane na mkewe. Mkewe alikuwa hajui habari za pikipiki. Tulikaa saa nzima, wakabishana, mkopo ukashuka kutoka milioni tatu hadi milioni mbili, na pikipiki ikawa ya mtumba. Mkewe akaleta chai na ndizi. Nikaisoma fomu kwa sauti, wote watatu tukisikia, kisha nikaomba kalamu.