Nilimwambia ni radi

Jambo Mama. Umeuliza kuhusu kijana wako wa miaka saba pale Ndosho, hapa kwetu Goma: ameanza tena kukojoa kitandani, hataki kwenda masomo, mlango ukibamizwa anakimbilia chini ya meza. Unauliza pia kama umhamishe shule. Na kuna aliyekujibu kwamba anadeka tu, fimbo itamponya. Mimi ni papa wa watoto wanne, wa pili alifanya hayo yote, kwa hiyo nitakueleza ya kwangu, pamoja na pale nilipoharibu mwenyewe.

Mwisho wa Januari 2025, mabomu yalipokuwa yanalia hapa mjini, tulilala chini kwenye korido, mbali na madirisha. Mtoto akauliza, "Papa, ni nini?" Nikamjibu ni radi. Nilidhani namkinga. Risasi zikanyamaza, lakini unazijua mvua zetu za Machi, hazipigi hodi. Ngurumo ya kwanza tu, mtoto yuko chini ya kitanda, ameloa, meno yanagongana. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba radi na bomu ni kitu kimoja! Nikabaki na mtoto anayeogopa mawingu.

Nilianza kwa kumwomba msamaha. Nikamwambia haikuwa radi, yalikuwa mabomu, na mimi niliogopa ndiyo maana nikasema uongo. Alinitazama, akasema, "Nilijua." Sikuwa na la kujibu. Kumbe muda wote huo alikuwa anajua, ila hakuwa na wa kuongea naye.

Mvua iliyofuata tulikaa barazani, migongo ukutani. Umeme ukimulika, tunahesabu sekunde polepole mpaka ngurumo ifike. Kila tatu ni karibu kilomita moja. Siku ya kwanza alifika tano akaziba masikio, nami sikumlazimisha. Kufika Mei alikuwa anabishana na dada yake nani amehesabu haraka mno.

Kuhusu kukojoa, shangazi yake alitaka abebe godoro mwenyewe mpaka nje, majirani wamwone. Nilikataa, tukagombana kweli. Mtoto aliyekwisha kuacha, kisha akarudia baada ya hofu, hafanyi makusudi. Tulitandika plastiki, chai ya jioni tukaileta mapema, saa nne usiku namwamsha. Asubuhi shuka linafuliwa bila hotuba. Ilichukua majuma mengi, sikufichi.

Kwa mwalimu nilikwenda kabla hajaniita. Ana watoto zaidi ya 60 darasani, hawezi kumbembeleza kila mmoja, basi nilimwomba mambo mawili madogo: kijana akae karibu na mlango, na akisimamisha kalamu wima juu ya daftari aruhusiwe kutoka bila kuulizwa mbele ya wenzake. Juma la kwanza alitoka mara tatu kwa siku. Baadaye akawa hatoki kabisa, ila kiti kile hakubali kukiacha mpaka leo.

Akicheza vita, usimkataze. Tazama tu kama mchezo unabadilika au unaishia palepale kila siku. Wangu alikuwa anaangusha vijiti vyote, wote wamekufa, anaanza upya. Siku moja nikakaa naye chini nikamuuliza, "Na hawa, nani anawabeba hospitali?" Akafikiri, akatafuta kipande cha ubao, akawatengenezea chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Usiku ule nililala vizuri kuliko yeye.

Tena mpe kazi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya lava ya volkano yetu, Nyiragongo, tulipoamriwa kuhama, tulishika njia ya Sake kwa miguu, zaidi ya kilomita 20. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka minane. Nilimpa redio ndogo, nikamwambia betri ziko mikononi mwake. Mpaka leo akisimulia safari ile anasimulia redio: ilivyokwama, alivyoifuta vumbi. Mimi nakumbuka umati na watoto waliokuwa wanaita mama zao.

Ukiona mwezi umepita na bado hali chakula wala halali usingizi, au hasemi na mtu, usingoje. Na akitamka kwamba anataka kufa, usihesabu hata siku moja, mpeleke. Hapa Goma kuna kituo cha afya ya akili, Tulizo Letu. Wenzetu wa Bukavu wana chao, SOSAME. Watu watasema umempeleka kwa wenda wazimu. Hao si wao wanaofua shuka zako.

Sasa hilo la kuhama shule. Mimi nisingemhamisha sasa hivi. Pale ana rafiki wa benchi moja, anajua choo kiko wapi, mwalimu anamjua jina. Anza na nusu siku. Mpeleke mwenyewe, mwambie saa utakayomchukua, na ukisema saa nne, uwe getini saa nne kasoro. Mimi nilichelewa siku moja tu, nilikuwa kwenye foleni ya maji na bidoni mbili, nikamkuta ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili. Kesho yake hakutaka hata kuvaa viatu, tukaanza tena kwa saa moja.